Ajali Haina Kinga, Lakini Jicho Lina Miwani

Wahenga wetu walituachia msemo ambao hapana nyumba ya Pwani usikosikika: ajali haina kinga. Husemwa matangani, husemwa hospitalini, husemwa kando ya barabara gari likishapinduka. Ni maneno ya kumpoza aliyefikwa, nayo yana mahali pake. Lakini leo, msomaji wangu mpenzi, nataka tuukalie kitako msemo huu tuupekue, kwa sababu nimeuona ukitumiwa mahali pasipo pake, na mimi mwenyewe ni miongoni mwa walioutumia vibaya.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, wa umri wa miaka 19, niliyemjua tangu akenda chuoni na juzuu yake kwapani, alikuwa akisomea kazi ya vyuma katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mombasa. Ulipofika muhula wa wanafunzi kutumwa nje kujifunza kazini, akapata nafasi kwa fundi mwenye karakana ya mageti na madirisha. Wiki ya tatu akapewa grainda akate bomba nene. Mashine ilikuwa ndogo, ya diski ya inchi 4 na nusu, wala diski hiyo haifiki upande wa pili wa bomba kama lile. Mwenye karakana alikuwa na dawa yake ya siku nyingi: alikwisha kukifungua na kukitupa kile kifuniko cha chuma kinachoizunguka diski, ili pale pa diski ndogo aweze kutia ya inchi 7. Kijana akawasha, akakata, na diski ikapasuka. Kipande kikamwingia jicho la kulia, na jicho halikupona.

Nilikwenda kumtazama hospitalini. Mamake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, leso yake imelowa. Nikatoa pole, nikasema yale tusemayo sote: "Ni ajali, mwanangu, na ajali haina kinga. Tumshukuru Mola roho imesalimika." Yule mama aliinamisha uso kwa heshima, akanijibu kwa sauti ya chini: "Alhamdulillahi kwa kila hali, Ustadh. Lakini kinga ilikuwapo. Miwani imo kabatini, na ufunguo anao mwenyewe. Wenzake wanasema hutolewa siku wakija wakaguzi."

Sikuwa na jawabu. Nilitoka pale nikijiuliza ni mara ngapi, kwa nia njema kabisa, nimemfutia mtu makosa yake kwa kumsingizia Mwenyezi Mungu.

AJALI NI NENO LA NANI?

Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, kikomo cha jambo au cha maisha. Masheikh wetu wakisema ajali ya mtu imefika, hawasemi kwamba amegongwa au ameanguka. Wanasema muda aliopewa umekwisha, hata akiwa amelala kitandani kwake. Katika Kiswahili chetu cha kila siku neno limepanuka, likawa ni jina la kila dhara la ghafula: gari kupinduka, ngazi kuteleza, stima kumrusha mtu. Hapo ndipo mchanganyiko ulipoingia. Neno moja likabeba mambo mawili, kudra ya Mungu na uzembe wa binadamu, na kila uzembe ukapata mahali pa kujificha chini ya kudra.

Mimi si mwanachuoni wa kutoa fatwa, lakini niliyoyasoma kwa maalim wangu utotoni yanatosha kwa jambo hili. Sote tumefundishwa aya inayotukataza kujitia maangamizoni kwa mikono yetu wenyewe. Sote tumesimuliwa hadithi ya yule bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache atawakali, akaamrishwa kufanya yote mawili, kufunga kwanza na kutawakali baadaye. Kutawakali hakukuondoa kamba. Sasa tuulize: aliyeifungia miwani kabatini na kukitupa kifuniko cha diski, amemfunga ngamia? Na akipotea ngamia, tumwambie mwenyewe kuwa ni ajali?

La hasha. Muda wa kila mtu anaujua Mola peke yake, na huo ndio usio na kinga. Ama diski ya inchi 7 katika mashine ya inchi 4 na nusu, hilo ni jambo la hesabu, na hesabu yake imeandikwa juu ya diski yenyewe.

HESABU ILIYOANDIKWA JUU YA DISKI

Chukua diski ya kukatia chuma uisome. Pamoja na ukubwa wake utakuta tarakimu za mizunguko, maana kila diski ina mwisho wa kasi inayoweza kustahimili. Aghalabu ile ya inchi 7 huandikwa mizunguko 8,500 kwa dakika. Mashine ndogo ya inchi 4 na nusu huzunguka kiasi cha 11,000. Ukiitia diski kubwa katika mashine ndogo, ukingo wake utakwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 370 kwa saa, ilhali imetengenezwa isizidi 288. Kwa bahati mbaya tundu la katikati huwa ni moja katika diski ndogo na kubwa, kwa hiyo huingia vizuri. Kizuizi pekee ni kile kifuniko, na ndicho kwanza kinachoondolewa. Yaani kifuniko hufanya kazi mbili: humkinga fundi na vipande, na humwambia kwamba diski hii si ya mashine hii.

Basi nilipokwenda kumtazama yule kijana nyumbani, baada ya kutoka hospitali, nilimwuliza kama chuoni walifundishwa mambo haya. Akacheka kicheko cha uchungu. "Tulifundishwa, Ami. Nilipasi vizuri." Akanitajia orodha nzima kwa moyo, kama mtoto asomaye alifu kwa kijiti: aina za hatari, aina za vifaa vya kujikinga, rangi za mabango ya tahadhari, aina za vizima-moto. Hakukosea hata moja. Nikamwuliza tena: "Na siku ile ulipoiona diski ile, ulijua kuwa haifai?" Akanyamaza kidogo. "Moyo ulisita. Lakini ningemwambia nini? Yeye ndiye fundi."

Hapo, msomaji, ndipo penye kiini cha makala haya. Kijana alikuwa na elimu ya usalama kichwani, lakini elimu ile haikuwa mikononi mwake wala kinywani mwake. Mikononi hakuwa na mazoea, na kinywani hakuwa na neno la kumjibu mkubwa wake.

NILIYOYAONA KATIKA CHUO CHA UFUNDI

Haukupita muda nikaalikwa na mwalimu wa chuo kingine cha ufundi, mtu mwema apendaye mashairi, aliyetaka nimtungie ubeti mmoja wa kubandika ukutani karibu na mashine. Nikamwambia sitatunga kabla sijaona. Akanikaribisha nikae naye siku nzima.

Asubuhi lilikuwa somo la usalama na afya kazini. Katika mfumo huu mpya wa mafunzo ya umilisi, ambapo mwanafunzi hutakiwa aonyeshe kuwa anaiweza kazi wala si kuielezea tu, usalama umewekwa kuwa somo katika fani mbalimbali. Jambo hilo ni zuri na wanaostahili pongezi wapewe. Lakini nilichokiona darasani ni mwalimu akisoma na wanafunzi wakinukuu. Hatari ni za aina ngapi? Nukta. Vifaa vya kujikinga ni vipi? Nukta. Mtihani utakuja hivi. Somo hili hufundishwa mwanzo wa muhula, likaisha, likafungwa kama faili.

Mchana tukaingia karakana. Wanafunzi walikuwa 30 na miwani 6, miwili kati ya hiyo imekwaruzika hata haipitishi nuru. Mwalimu mwingine, fundi hodari mwenye mkono wa dhahabu, akawaonyesha namna ya kuchomelea. Aliingia kazini na kandambili miguuni, mkono mmoja una glavu na mwingine mtupu, na pale pa kugusisha kidogo tu hakuvaa ngao, alifumba macho na kugeuza uso. Wanafunzi walimtazama kwa mapenzi makubwa. Nami nikaona kwa macho yangu namna somo la asubuhi linavyofutwa mchana, bila ya mtu kusema neno.

Nikaja nikazungumza na mafundi watatu wa jua kali ambao hupokea wanafunzi. Nisiwaonee, wana hoja zao. Miwani ya bei rahisi hufanya ukungu kwa jasho na joto letu la Pwani. Mteja anataka geti lake leo, na kodi ya kibanda haingoji. Mmoja akaniambia: "Mzee, huyu mtoto akija hapa na mambo ya vitabu, kazi haitoki." Mwingine akaninyooshea mkono wa kushoto usio na ncha ya kidole cha shahada, akasema kwa fahari: "Huu ndio ufundi."

Kwa hiyo kijana hupewa masomo matatu juu ya jambo moja. Daftari linamwambia vaa. Mkono wa mwalimu wake unamwambia wakati mwingine si lazima. Kinywa cha fundi wa nje kinamwambia anayevaa ni mwoga. Yule anayemtia chakula mkononi mwisho wa siku ndiye atakayeaminiwa, na huyo ni wa tatu.

MADHARA YASIYOTOA DAMU

Kuna upande mwingine unaosahauliwa hata katika madaftari. Tukisema hatari ya kazi, akili zetu hukimbilia damu na mifupa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba kazi huua watu karibu milioni 3 kila mwaka ulimwenguni. Kati yao kiasi cha 330,000 ndio wanaokufa kwa matukio ya ghafula. Waliobaki, milioni 2.6, huuawa na maradhi yaliyotokana na kazi: vumbi, moshi, sumu, na kuchoka kupita kiasi. Muuaji mkubwa haonekani, wala hapigi kishindo.

Mwulize kijana anayechomelea mabati na mabomba yaliyopakwa zinki. Jioni hushikwa na homa, kutetemeka, na ladha ya chuma kinywani. Asubuhi huamka mzima akarudi kazini. Mafundi wanaijua homa hiyo, na dawa yao ni maziwa. Fundi mwema hata huwanunulia wanafunzi wake pakiti ya maziwa kila siku, akaamini amewahifadhi. Lakini maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni. Njia zao hazikutani. Dawa yake ni kuikwangua zinki kabla ya kuchomelea, kufanyia kazi mahali penye upepo, na kukaa upande upepo utokako, ili moshi usipitie usoni. Upepo kwetu hauuzwi, na mtoto wa Pwani anajua kaskazi na kusi tangu utotoni. Mbona hatumfundishi kuutumia?

Na kwa vumbi la risasi, Mombasa haihitaji kutafuta mfano mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu za magari. Wafanyakazi na majirani walidhurika, na watoto wakakutwa na risasi katika damu zao. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mchanga amepata sumu ile, akaanza vita vya kisheria ambavyo vimemfanya ajulikane duniani. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa na kuvutana, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Hata hivyo mitaani mwetu wangali wapo vijana wanaopasua betri kwa nyundo, mikono mitupu, kisha wakaenda kula kwa mikono hiyo hiyo, na nguo hizo hizo wakawabebea watoto wao. Hakuna aliyewaambia kwamba sumu hii hufika nyumbani ikiwa imening'inia kwenye shati.

SHERIA IPO, NI NANI AMEISOMEWA?

Kenya haina upungufu wa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali watu wanapofanya kazi, hata pawe ni chini ya mwembe. Inamlazimu mwenye mahali pa kazi kuwapa watu wake vifaa vya kujikinga na kuwaeleza hatari za mashine kabla hawajaigusa. Inamtaka mfanyakazi kuvitumia vifaa hivyo. Tena inasema mambo mawili ambayo sikukuta hata mwanafunzi mmoja aliyeyajua. La kwanza, mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu na akaripoti, mwajiri haruhusiwi kumrudisha pale mpaka hatari iondolewe. La pili, ni kosa kumfukuza au kumwonea mtu kwa kuwa amelalamikia jambo la usalama.

Pia mwaka huo huo wa 2007 ikapitishwa sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, nayo inamhesabu mwanagenzi aliyeandikishwa kuwa ni mfanyakazi. Neno la kushika hapo ni kuandikishwa. Kijana aliyepelekwa kwa maneno ya mdomo, bila barua wala mkataba, akiumia hugeuka kuwa mtu aliyekuwa akipita njia. Yule kijana wetu ndivyo ilivyomfika. Mwenye karakana alileta matunda hospitalini mara moja, kisha akasema hakuwahi kumwajiri.

CHUO CHETU CHA ZAMANI

Sisi wa umri wangu tukisikia neno chuo, kwanza tunaikumbuka ile baraza ya maalim, jamvi, ubao na bakora. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1970, maalim wetu hakutusomea nguzo za udhu tukazinukuu. Alitutoa nje mpaka kwenye birika. Akakunja mikono ya kanzu, akatawadha yeye mwanzo, pole pole, sisi tukitazama. Kisha akamwita mmoja wetu atawadhe mbele ya wenzake. Ukisahau kisigino, wenzako walipiga kelele "Kisigino!" nawe ukarudia. Tukafanya hivyo kila siku mpaka mkono ukajua wenyewe. Nguzo kwa majina yake tulikuja kuzisoma baadaye, tukiwa tayari tunazitenda. Zaidi ya hayo, maalim hakuonekana hata siku moja akisali kwa udhu wa nusu nusu.

Silinganishi ibada na kazi ya vyuma. Kila jambo lina daraja yake. Nasema juu ya namna ya kufunza tu. Usalama wa kazi ni adabu ya kazi, na adabu haiingii kwa kunukuliwa. Huingia kwa kutazama anayeitenda, kuitenda mbele ya wanaotazama, kusahihishwa, na kurudia. Grainda nayo ina udhu wake: chomoa waya kabla ya kubadili diski, soma tarakimu za diski na za mashine, itazame kama ina ufa, hakikisha kifuniko kipo, vaa miwani, simama ubavu wala usiikabili, iwashe iende bure nusu dakika ndipo uguse chuma. Mambo saba. Mtoto wa chuo cha ufundi akiyafanya kila siku kwa miezi sita, huku wenzake wakimpigia kelele akisahau moja, hatahitaji bango ukutani.

Wala nisizisifu zama zilizopita kuliko haki yake. Mwanagenzi wa zamani aliyekaa na fundi wa majahazi au wa milango alifunzwa kwa ukaribu ambao vyuo vyetu havina, mpaka siku ya kutoa kilemba. Lakini pia alirithi kiburi cha fundi pamoja na ufundi wake. Kidole kilichokatwa na tezo kiligeuzwa kuwa nishani. Ukaribu ule tuurudishe. Kiburi kile tukizike.

TUFANYE NINI?

Wazee wetu waliulilia ufundi. Ile taasisi ya elimu ya Kiislamu iliyojengwa Tudor, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, ilisimama kwa michango ya Sultani wa Unguja, ya Aga Khan, ya jumuiya ya Mabohora na ya serikali ya wakati huo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate kazi za mikono za kisasa. Ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Leo vijana wetu wengi wamo katika vyuo vya ufundi, na wazazi wameacha ile dharau ya kusema ufundi ni wa waliofeli. Ni neema. Lakini mtoto ni amana, na anayeipokea amana huulizwa.

Kwa walimu naomba mambo mawili. Somo la usalama litolewe darasani liingizwe karakanani, liwe ndani ya kila tendo kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Na mtihani wake uwe wa kutenda. Mwanafunzi apewe mashine ambayo mwalimu ameitia kasoro kwa makusudi, bila kuichomeka, atakiwe aione kasoro hiyo kabla ya kuwasha. Asiyeiona arudie. Pili, mwalimu avae. Akivaa yeye, nusu ya somo imekwisha.

Kwa wakuu wa vyuo: msimpeleke mwanafunzi mahali msipopaona. Mwendee fundi kabla, mtazame mashine zake, muandikiane barua inayosema kijana ni nani, anafanya nini na haruhusiwi kufanya nini. Fundi asiyekubali kuandikiana, huyo ameshawapa jawabu. Na yule anayekubali asaidiwe: aitwe chuoni siku moja, afunzwe naye kwa heshima, apewe cheti cha kuonyesha wateja wake. Fundi hufuata fahari. Basi fahari yake iwe ni vidole kumi.

Kwa wazazi: tulipompeleka mtoto kwa maalim tulimnunulia juzuu yake, hatukumwambia aazime. Anapokwenda chuo cha ufundi mnunulieni miwani yake mwenyewe, akae nayo mfukoni, asitegemee kabati la mtu. Bei yake haifiki mlo mmoja wa mchana wa nyumba nzima.

Kwa makhatibu wetu: Ijumaa moja, jamani, khutba iwe juu ya ngamia na kamba. Fundi asiyesikia la mkaguzi huenda akasikia la mimbari.

Na kwa nyinyi vijana, nawapa neno ambalo yule mwenzenu hakuwa nalo. Kukataa hatari si utovu wa adabu. Sema kwa upole: "Fundi, diski hii si ya mashine hii, naomba tubadilishe." Akikasirika, sema: "Niwie radhi, hii siwezi, nipe kazi nyingine." Fanyeni mazoezi ya kuyasema maneno haya huko huko chuoni, mmoja awe fundi mkali na mwingine mwanafunzi, mpaka ulimi uzoee kama mkono ulivyozoea. Mkubwa huheshimiwa, lakini jicho ni lako, na heshima haidai jicho.

Yule mwalimu nilimpelekea ubeti wake. Aliuandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao mweusi, akautundika palepale penye swichi:

Miwani weka machoni, jiwe halijazunguka,
Cheche haina hisani, haijui kuepuka,
Jicho haliko dukani, ununue kwa kutaka,
Funzo liwe mikononi, si wino wa kuandika.

Kabla ya kuupeleka nilimsomea yule kijana, barazani kwao. Siku hizi anajifunza kushona, kwa jicho moja, na mamake humtungia uzi kwenye sindano. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni mzuri. Nikamwambia nitaandika pia gazetini juu ya ajali yake, bila ya kumtaja jina. Akafikiri kidogo, akaniambia: "Andika, Ami. Lakini usiandike ajali."

Wabillahi tawfiki.